Barua ya wazi kwa wakubwa wa Italia: Taranto imepigwa kalenda vya kutosha

Kwa Mheshimiwa Waziri Mkuu wa Italia. Waheshimiwa mawaziri wa viwanda, mazingira na afya. Mheshimiwa Rais wa Mkoa wa Puglia. Na Mheshimiwa Meya wa Taranto.

Shikamooni waheshimiwa,

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayoweza kusemea jambo zito bila kubabaika. Kiitaliano changu ni cha sokoni, cha jikoni na cha duka la dawa. Kinanitosha kuuliza bei ya kome na kumweleza daktari mzee wangu anaumwa wapi, lakini kusema na serikali hakinitoshi. Kijana mmoja tunayesali naye ameahidi kunitafsiria. Kabla barua haijawafikia ninyi nimeona waisome kwanza ndugu zangu Waswahili, walioko nyumbani na walioko ughaibuni, wawe mashahidi kwamba niliyasema haya kwa heshima na kwa uchungu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Hapa Taranto, kusini mwa Italia, nina miaka tisa, na kazi yangu ni kumtunza mzee wa miaka 84 ambaye aliingia kiwanda cha chuma akiwa kijana, kiwanda chenyewe kikiwa bado kinajengwa, akafanya kazi humo mpaka akastaafu. Jumamosi, mvua isiponyesha, humsindikiza makaburini San Brunone, upande wa mtaa wa Tamburi, alikolazwa mkewe. Yeye hubeba maua, mimi hubeba ndoo, kipande cha sabuni, vitambaa viwili na mswaki wa zamani. Kitambaa cha kwanza nikikipitisha juu ya jiwe hurudi chekundu. Wekundu wenyewe si kama wa udongo wa Lushoto. Ni kama tofali lililotwangwa na kuchekechwa, laini, na ukilisugua vumbi hilo kati ya vidole linametameta kidogo. Makaburi mengi ya pale yana rangi hiyo, na kuta za Tamburi, na vyuma vya kando ya barabara. Vumbi hujificha ndani ya maandishi yaliyochongwa, na hapo ndipo mswaki unapofanya kazi: naupitisha kwenye jina, herufi moja moja, kisha kwenye tarehe ya kuzaliwa, kisha kwenye ile ya pili. Mzee husimama kimya mpaka tarehe ya pili ionekane vizuri, ndipo huweka maua.

Kilichomwondoa mama yule sikijui, na mzee hajapata kunitajia. Siandiki kumshtaki mtu kwa kifo chake. Ila nilipokuwa nasugua tarehe ile ndipo liliponijia neno la kuwaambia. Taranto ina tarehe za aina mbili. Ziko za San Brunone, ambazo zikishachongwa zimechongwa. Na ziko zenu: lini moshi utapunguzwa, lini matanuru yatabadilishwa, lini udongo utasafishwa. Hizo kila zikikaribia husogezwa mbele. Kwetu Tanzania kesi ikiahirishwa leo na kesho, na kesho kutwa ikaahirishwa tena, tunasema imepigwa kalenda. Mji huu umepigwa kalenda, na wanaongoja wanazeeka.

Nisameheni nikiwasimulia mambo ya kwenu. Nina sababu. Mara nyingi namsikia mtu runingani akiitaja Taranto kana kwamba ilizaliwa siku tanuru lilipowashwa, na kwamba tanuru likizimwa mji nao utakufa. Mji huu una umri wa miaka zaidi ya 2,700. Mapokeo yanasema Wasparta waliuanzisha mwaka 706 kabla ya Kristo. Walikuwa vijana waliokataliwa kwao kwa sababu kuzaliwa kwao hakukuhesabiwa halali, wakapanda majahazi kutafuta pa kuishi. Waliita mji wao Taras. Nguzo mbili za hekalu lao bado zimesimama pale Piazza Castello, na mimi hupita chini yake nikienda kununua mkate. Kila nikizitazama nawakumbuka wale vijana, maana na mimi nilifika hapa kwa kukosa nafasi kwetu.

Na mji wao ulipata kuwa na kiongozi ambaye nampenda bila kumwona. Archytas, mtu wa hesabu, rafiki yake mwanafalsafa Plato, aliyechaguliwa kuwa jemadari mara saba ingawa wengine sheria iliwaruhusu mara moja tu. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu, ndiye aliyenisimulia habari zake huku tukisubiri zamu kwa daktari. Nilimwuliza: mtu mkubwa hivyo anakumbukwa kwa lipi? Akanitajia hesabu zake za maumbo, akanitajia njiwa wa mbao anayesemekana alimtengeneza akaruka, kisha akanitajia kitu kidogo kilichonigusa kuliko vyote. Aristotle, anapoandika habari za malezi, anataja kayamba la Archytas, ambalo watu waliwapa watoto wadogo walichezee ili wasije wakavunja vyombo vya nyumbani. Jemadari wa jeshi, mkuu wa dola, akakaa chini akafikiria mtoto mchanga achezee nini. Nawaomba mlishike hilo kayamba akilini, nitalirudia.

Mengine nitayapita haraka. Pyrrhus, mfalme wa Kigiriki, aliitwa kuja kuusaidia mji dhidi ya Roma mwaka 280 kabla ya Kristo, na miaka minane baadaye mji ukaangukia kwa Warumi. Konokono wa baharini wa hapa walitoa rangi ya zambarau iliyovaliwa na matajiri. Ngome ya Aragon ikajengwa mwishoni mwa karne ya 15. Mwaka 1887 likafunguliwa daraja linalozunguka kupisha meli, na mwaka 1889 karakana kubwa ya jeshi la majini. Usiku wa Novemba 11, 1940 ndege za Waingereza zikazipiga meli tatu kubwa za kivita zilizotia nanga hapa. Kila dola iliyopita imeiona bandari hii, ikaitaka, ikaitumia.

Lakini bahari, waheshimiwa, hiyo siwezi kuipita haraka. Mimi ni mtu wa pwani. Mar Piccolo, ile bahari ndogo nyuma ya mji wa kale, chini yake kuna chemchemi za maji baridi yasiyo na chumvi, zinabubujika toka sakafuni. Watu wa hapa wanaziita citri. Maji hayo yakichanganyika na ya chumvi ndiyo yanayowapa kome wa Taranto ladha ambayo hawana kome wa mahali pengine. Siku ya kwanza nilipowapika niliwatia chumvi, na mzee alinyanyuka kitini, akaja na mkongojo wake mpaka jikoni, akanionyesha. Sufuria kavu, kome waliosuguliwa vizuri, mfuniko, moto mkali, pilipili manga tu. Wakifunguka wanatoa maji yao wenyewe. "Bahari imeshatia chumvi," akaniambia. Baba yake alikuwa mfuga kome, kazi ya kuwafunga kwenye nyavu na kuwaning'iniza majini, na yeye angekuwa wa tatu katika ukoo kuifanya. Mwaka 2011 uvunaji wa kome katika sehemu ya kwanza ya Mar Piccolo, ile iliyo karibu na mji, ulipigwa marufuku, kwa kuwa sumu za viwandani, dioksini na PCB, zilionekana zimezidi kiwango. Wapo wanaosema, na ni kweli, kwamba katika sumu zilizolala kwenye tope la bahari ile karakana ya jeshi la majini nayo ina sehemu yake. Kwa mfuga kome hesabu ni ile ile.

Kwa nini basi kijana wa ukoo wa kome aliingia kiwandani? Kwa sababu njaa haina adabu. Baada ya vita karakana na viwanda vya meli vilikuwa vinapunguza watu. Kusini nzima watu walikuwa wanapanda treni kwenda Torino, Ujerumani, Ubelgiji. Serikali yenu ya wakati huo ilifanya jambo ambalo mimi sitalidharau: sheria ya mwaka 1957 iliyaagiza mashirika ya umma yaweke kusini asilimia 60 ya uwekezaji wao mpya. Ndipo Taranto ikachaguliwa. Julai 9, 1960 likawekwa jiwe la msingi la kiwanda cha chuma cha dola, kilichojulikana kama Italsider, na Aprili 10, 1965 Rais Giuseppe Saragat akaja kukizindua kiwanda. Mizeituni kwa maelfu iling'olewa. Wakulima wakawa nusu wakulima nusu wafua chuma, wakapewa hata jina, metalmezzadri: akitoka zamu anakwenda kupogoa mizabibu yake. Usiku wa Krismasi ya 1968 Papa Paulo VI alisali misa humo humo kiwandani, mbele ya wafanyakazi. Mzee alikuwapo. Anasema kulikuwa na baridi mgongoni na joto usoni.

Kiwanda kikapanuliwa mpaka kikafika matanuru matano, na eneo lake, kama kilomita za mraba 15, likawa kubwa kuliko mji wenyewe. Miaka ya mwanzo ya 1980 kilikuwa kimeajiri watu zaidi ya 20,000. Nyumba zikajengwa, watoto wakasomeshwa. Mzee ana mabinti wawili, mmoja mwalimu na mmoja mhasibu, na fedha ya kuwasomesha ilitoka kwenye tanuru lile. Hanywi kahawa yake ya asubuhi bila kukitetea kiwanda kwa neno moja na kukilaumu kwa neno la pili. Nimejifunza kumsikiliza yote mawili.

Mimi pia siwezi kusema "fungeni" kwa mdomo mwepesi. Nimekulia Tanga, mji uliowahi kusifika kwa viwanda, kwa mkonge na kwa reli, kisha viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Najua mji unavyokuwa mlio wa kiwanda unapokoma na hakuna kilichoandaliwa mahali pake. Baba mzima anakaa barazani saa nne asubuhi akiwa amevaa shati la kazini. Mama anaanza kukaanga mihogo ya kuuza, na ndiye anayelisha nyumba. Kwa hiyo mnapotuambia kwamba nyuma ya kila tanuru kuna familia, mimi naelewa. Ninachokataa ni kuitumia njaa ya familia hizo kama kamba ya kuwafungia majirani zao.

Maana Tamburi ilikuwapo kabla ya kiwanda. Watu hawakukifuata, kilijengwa ubavuni mwao. Baadaye kati ya kiwanda na nyumba vikawekwa vilima vya udongo, vikapandwa miti, vikaitwa vilima vya mazingira, eti vikinge vumbi. Mwaka 2019 mahakama iliamuru vilima hivyo vishikiliwe kwa kuwa ndani yake mlionekana taka za viwandani, na shule za jirani zikafungwa. Kinga yenyewe ilikuwa imejaa kile ilichowekwa kukikinga.

Kwetu pwani upepo una majina na kazi zake. Kaskazi ilileta majahazi, kusi iliyarudisha, na mvuvi huamka akauliza upepo kabla hajauliza chai. Huku Taranto upepo wa kaskazini-magharibi, maestrale, ukivuma toka kiwandani kuelekea mji, watu wa Tamburi wanatangaziwa siku ya upepo: madirisha yafungwe, nyumba zipigwe hewa kwa saa zilizotajwa tu. Mwaka 2017 ilifika hatua ya shule za mtaa kufungwa siku hizo. Na miaka saba kabla yake, 2010, meya wa wakati huo aliwakataza watoto wa Tamburi kuchezea udongo wa bustani za mtaa wao, kwa sababu ya sumu zilizomo. Hapo ndipo nalirudia lile kayamba. Mji ambao jemadari wake alikumbukwa kwa kumtengenezea mtoto kitu cha kuchezea, umefika mahali mtoto anakatazwa kuushika udongo aliozaliwa juu yake. Nililala na jambo hilo siku nyingi.

Yaliyofuata mnayajua kuliko mimi, lakini nataka tarehe zake ziwe mahali pamoja. Mwaka 1995 dola ilikiuza kiwanda, kilichokuwa kimeshaitwa Ilva, kwa familia ya Riva. Miaka ile ile ya 1990 mwishoni, wafanyakazi wenye ujuzi waliokataa kushushwa vyeo walikusanywa katika jengo moja, Palazzina LAF, wakakaa humo bila kupewa kazi yoyote, na mahakama baadaye ikawatia hatiani waliohusika. Mwaka 2008 dioksini ikaonekana kwenye jibini la wafugaji wa karibu na kiwanda, kondoo na mbuzi kwa mamia wakachinjwa na kuteketezwa, kisha malisho yakakatazwa umbali wa kilomita 20. Mchungaji aliyelala na kundi akaamka hana kundi.

Julai 26, 2012 hakimu wa Taranto, Patrizia Todisco, akaamuru sehemu ya moto ya kiwanda, yaani ya matanuru, ishikiliwe. Wataalamu waliofanya kazi kwa agizo la mahakama walikuwa wamekadiria vifo 386 katika miaka 13 kutokana na moshi na mavumbi ya viwanda, kama 30 kwa mwaka. Mtu mmoja kila siku kumi na mbili. Serikali ikajibu Desemba ya mwaka huo huo kwa amri ya kukiruhusu kiwanda kiendelee. Tangu hapo zimekuja amri nyingine nyingi, watu wamezipa jina la "kuiokoa Ilva", na kila moja ilikuwa na tarehe ndani yake. Marekebisho yaliyoahidiwa kukamilika katika miaka michache yaliongezewa muda, yakaongezewa tena, mpaka yakapewa siku ya Agosti 23, 2023. Na siku ile nayo ikapita.

Wakazi wa Taranto hawakuwa wamekaa mikono mapajani. Walikwenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na Januari 24, 2019 mahakama hiyo ikatamka kwamba Italia imeshindwa kuwalinda katika haki ya maisha yao ya nyumbani, na kwamba hawakuwa na njia ya kisheria ya kujitetea nchini mwao. Mei 31, 2021 mahakama ya Taranto ikawahukumu Fabio na Nicola Riva miaka 22 na 20. Septemba 2024 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu yote na kuihamishia kesi Potenza, ianze upya. Sitaki kumhukumu mtu ambaye sheria haijamaliza naye. Lakini nawaomba mfikirie mjane aliyekaa kwenye benchi la mahakama ile miaka yote, akarudi nyumbani kwa basi na neno moja: upya.

Kisha Juni 25, 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema jambo ambalo bibi yangu asiyejua kusoma angelisema vile vile: kiwanda kikionekana kina hatari kubwa kwa afya na mazingira, muda wa kukirekebisha hauwezi kuongezwa mara kwa mara, na uendeshaji wake lazima usimamishwe. Tena ikasema kwamba madhara kwa afya ya watu yapimwe kama sehemu ya kibali cha kukiendesha kiwanda, si pembeni yake. Hilo limeandikwa na majaji wa Luxemburg. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2025, mkatoa kibali kipya cha miaka 12, cha kuzalisha hadi tani milioni 6 kwa mwaka, na makaa ya mawe bado yamo.

Miaka 12. Mtoto anayeanza kunyonya leo Tamburi atakuwa anakaribia kubalehe. Mzee wangu, Mungu akimjalia, atakuwa na miaka 96.

Sisemi hakuna lililofanyika. Zile shehena za madini zilizokuwa zimelundikwa wazi zimejengewa mapaa mawili makubwa mno, na mzee anasema vumbi limepungua kuliko zamani. Uzalishaji wenyewe umeshuka sana, na maelfu ya wafanyakazi wamerudishwa nyumbani kwa fidia ya sehemu ya mshahara. Kampuni iliyokuja kukiendesha 2018, ArcelorMittal, imeondoka. Dola iliingia kuwa mbia mwaka 2021, na tangu Februari 2024 kiwanda kiko chini ya wasimamizi maalumu wa serikali. Kwa hiyo hamwezi tena kusema mwenye mali ni mwingine. Ufunguo uko mifukoni mwenu.

Basi ombi langu la kwanza ni tarehe. Mmeahidi matanuru ya umeme badala ya haya ya makaa ya mawe. Iandikeni siku ambayo tanuru la mwisho la makaa ya mawe litazimwa, muiandike ndani ya sheria, na ndani ya sheria hiyo hiyo muweke fedha zake, na muweke neno kwamba siku ile ikifika pasipo kazi kukamilika, moto unazimwa hivyo hivyo. Msiniambie haiwezekani. Kwa ajili ya Michezo ya Mediterania mlijua kupanga siku, Agosti 21, 2026, na bajeti na mafundi vikaifuata. Tarehe yenye fedha nyuma yake mnaijua.

Na wafanyakazi wasiachwe barazani kama baba zetu wa Tanga. Nani anaujua udongo ule na mabomba yale kuliko waliofanya kazi humo? Mzee anaweza kuchora kwa kidole juu ya kitambaa cha meza mahali kila mfereji unapopita. Kusafisha kilomita za mraba 15, na tope la Mar Piccolo, na bustani za Tamburi, ni kazi ya miaka mingi na ya mikono mingi. Wapewe wao kwanza, kwa mshahara kamili na kwa mavazi ya kuwakinga, kabla hamjaleta kampuni kutoka mbali. Wakipewa hivyo mtaona kwamba yule wa ndani ya geti na yule wa nje ya geti hawajawahi kuwa maadui; mara nyingi ni baba na mwana, wanakula meza moja.

Jambo la tatu ni dogo kwa gharama na kubwa kwetu. Vipimo vya afya vya mtaa, vya vumbi na vya udongo, vitolewe kwa lugha ambayo mtu wa sokoni ataielewa, vibandikwe mahali anapopita: kanisani, dukani, kituo cha basi. Binti mkubwa wa mzee, yule mwalimu, hulazimika kufungua kurasa za hesabu ngumu ili ajue kama wanafunzi wake wacheze uwanjani leo. Hii ni haki ya mzazi yeyote, awe Mtaranto, awe Mnigeria, awe Mbangladeshi, awe mimi.

Najua nitaulizwa: wewe mgeni, yakuhusu nini? Kwetu husemwa juu ya Tanga, waja leo waondoka leo, na mimi sikuja Taranto kwa nia ya kukaa. Lakini nimewakata kucha wazee wa mji huu, nimewaogesha, nimewafumba macho wawili. Nimeshika mikono iliyomimina chuma cha nusu ya nyumba za Italia, na najua ilivyo mizito hata ikiwa imelala. Mtu ukishamfumba mwenzio macho huwezi kuambiwa mji wake haukuhusu.

Nawaalika. Msije siku ya kukata utepe. Njooni Novemba 2, siku ya kuwaombea marehemu, ambapo Taranto nzima hukutana San Brunone. Acheni magari getini, tembeeni kwa miguu kati ya mistari ya makaburi, msome tarehe. Mtawakuta kina mama wamepiga magoti wanasugua mawe. Msiwahutubie. Chukueni kitambaa, mchague kaburi lolote lisilo na mtu, msafishe mpaka maandishi yasomeke, kisha mgeuze kitambaa mtazame kilichobaki juu yake.

Mimi na mzee tutakuwa pale tangu saa mbili asubuhi, upande wa ukuta. Siku hiyo nitabeba ndoo ya pili.

Wenu mtiifu,
Mtunza wazee, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Taranto